Viza ya kuishi Thailand: ya utalii, DTV, ya kustaafu au ya kazi?

Watu wengi huchagua viza ya Thailand kwa kuhesabu siku. Ndiyo maana utamkuta mtu mwenye viza ya miaka mitano anayezungushwa na kila benki anapotaka kufungua akaunti, na jirani yake mwenye mwaka mmoja tu akiishi bila wasiwasi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni chanzo cha pesa zako: mshahara wa mwajiri aliye nje ya Thailand, akiba au pensheni, mshahara wa kampuni ya Thailand, au mtaji wa kutosha kununua uanachama. Kila chanzo kina viza yake: kwa mpangilio huo, DTV (Destination Thailand Visa), Non-O ya kustaafu, Non-B ya kazi, na Thailand Privilege ya uanachama. Ukilazimisha chanzo kimoja kiingie kwenye viza ya kingine, utakwama ubalozini, au vibaya zaidi utakwama ukiwa umeshalipa pango la mwaka mzima Phuket.

Kabla ya kulinganisha chochote, tenganisha tarehe mbili. Ya kwanza ni mwisho wa viza: hadi siku hiyo unaweza kuitumia kuingia nchini. Ya pili ni ile ya muhuri unaogongewa unapoingia: hadi siku hiyo uwe umeondoka au umeongezewa muda. Faini huhesabiwa kwa tarehe ya pili. Mwenye viza ya hadi 2030 aliyegongewa siku 180 akilala usiku mmoja zaidi, amepitiliza kama mtalii mwingine yeyote.

| | Utalii (TR) | DTV | Kustaafu (Non-O) | Kazi (Non-B) | Thailand Privilege |
|---|---|---|---|---|---|
| Muda wa kukaa | siku 60, kisha 30 za kuongezewa | siku 180 kila unapoingia, ndani ya miaka 5 | siku 90, kisha mwaka mmoja mmoja | siku 90, kisha mwaka mmoja mmoja | mwaka 1 kila unapoingia. Uanachama wa miaka 5 hadi 20 |
| Umri | wowote | 20 na zaidi, isipokuwa watoto wa mwenye viza | 50 na zaidi | wa kufanya kazi | wowote, kwa kifurushi |
| Pesa | tiketi, malazi, baht 20,000 mkononi | akiba ya baht 500,000 | baht 800,000 benki ya Thailand, au mapato ya 65,000 kwa mwezi | mshahara usiopungua kiwango cha uraia wako | ada ya baht 650,000 na kuendelea |
| Kazi | hapana | kwa mwajiri au wateja wa nje tu | hapana | kwa mwajiri aliyetajwa kwenye kibali | hapana |

Viza ya utalii ni ya kupeleleza

Julai 2024 Thailand iliruhusu raia wa nchi na maeneo 93 kuingia bila viza. Mkenya, Mtanzania na Mganda hawamo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo ushauri wa mtandaoni wa "nenda tu, utagongewa uwanjani" haukuhusu. Ombi hujazwa kwenye tovuti rasmi ya thaievisa.go.th, ambayo tangu 1 Januari 2025 inatumiwa na balozi zote za Thailand. Waombaji wa Kenya, Tanzania na Uganda hushughulikiwa na ubalozi ulioko Nairobi. Viza ya kuingia mara moja hukupa siku 60. Ukiwa ndani, ofisi ya uhamiaji inaweza kukuongezea 30 kwa fomu TM.7, picha, nakala za pasi na baht 1,900.

Mambo mawili huwakwamisha wasafiri wa kwetu hata kabla ya viza kuangaliwa. La kwanza ni cheti cha homa ya manjano. Thailand inakidai kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na nchi za Afrika Mashariki zimo. Cheti huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo aliyechomwa wiki ya safari hana cheti. Pale Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa Bangkok, unapita kwanza dawati la afya, unagongewa fomu yako, ndipo unajiunga na foleni ya uhamiaji. Ukiliruka dawati hilo, utasimama foleni ndefu kisha utarudishwa nyuma. La pili ni kadi ya kidijitali ya kuingia nchini, TDAC, iliyoanza 1 Mei 2025. Inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti inayokudai malipo ya kadi hiyo ni ya matapeli au ya madalali, na mfukoni mwako tofauti yao ni ndogo.

Afisa wa uhamiaji ana haki ya kukuomba uonyeshe baht 20,000 kwa mtu mmoja au 40,000 kwa familia, kwa fedha taslimu ya sarafu yoyote inayobadilishika. Si kila mtu huulizwa. Anayeulizwa akiwa na kadi ya benki tu, hali yake huwa ngumu.

Siku hizi 60 zitumie kujua kama unapataka mahali penyewe, na uende msimu mbaya. Phuket hunyeshewa kuanzia Mei hadi Oktoba, na bahari upande wa magharibi huwa na mikondo inayoua watu kila mwaka. Koh Samui mvua yake kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Chiang Mai, mji unaosifiwa kwa unafuu, hujaa moshi wa mashamba na misitu inayochomwa kati ya Februari na Aprili. Mwenye pumu au mtoto mdogo asisaini mkataba wa mwaka kabla hajauonja moshi huo. Panga kwa mwezi mmoja mmoja kwanza, ingawa kwa mwezi bei huwa juu. Mkataba wa mwaka kwa kawaida hudai pango la mwezi mmoja na amana ya miezi miwili, na ukivunja kabla ya muda, amana imekwenda. Uliza pia bei ya umeme kwa uniti: majengo mengi huwauzia wapangaji juu ya bei ya shirika la umeme, na kiyoyozi cha usiku kucha hukusanya bili isiyochekesha.

Kutoka na kuingia mara kwa mara kwa viza za utalii ili uishi humo ni mchezo uliokwisha. Afisa anaona historia yako yote kwenye kompyuta, na anaweza kukukataza kuingia hata ukiwa na viza halali.

DTV: kwa anayelipwa kutoka nje

Viza ya DTV ilianza Julai 2024. Ni ya miaka mitano, unaingia mara nyingi upendavyo, na kila unapoingia unapewa siku 180. Ada yake rasmi ni baht 10,000, ingawa kila ubalozi huitoza kwa sarafu ya huko na kiasi hutofautiana. Kwa anayefanya kazi ya mbali, hakuna viza nyingine yenye uwiano mzuri kama huu kati ya gharama na muda.

Milango yake ni mitatu. Wa kwanza ni kazi ya mbali: mkataba wa ajira na mwajiri asiye wa Thailand, au kwa anayejitegemea, mikataba ya wateja, ankara na kazi alizofanya. Wa pili ni shughuli za Thailand zenyewe, kama mafunzo ya Muay Thai (ndondi za Kithai), upishi wa Kithai au matibabu. Wa tatu ni wa mke, mume na watoto wa chini ya miaka 20 wa mwenye viza. Kila mmoja huomba yake na kulipa ada yake.

Akiba ya baht 500,000, karibu dola 15,000, ndiyo inayowaangusha wengi, na mara nyingi kosa ni jinsi pesa zilivyoingia. Balozi nyingi hutaka taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, baadhi zaidi. Taarifa inayoonyesha salio dogo kwa wiki kumi kisha kiasi kikubwa kudondoka siku chache kabla ya ombi husomeka kama pesa za kuazima. Weka pesa mapema, ziache zitulie. Akaunti iwe kwa jina lile lile lililo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Kama benki imeacha jina la kati, omba barua inayosema ni mtu mmoja. Salio la simu na hisa za chama cha akiba na mikopo usizitegemee: hamishia akaunti ya benki.

Barua ya mwajiri nayo ina namna yake. Iseme wazi cheo, mshahara, kwamba kazi inafanywa kwa mbali, na kwamba unaruhusiwa kuifanya ukiwa Thailand. Barua inayothibitisha ajira tu, bila neno la kazi ya mbali, hurudishwa na swali la nyongeza, na wakati mwingine hukataliwa moja kwa moja. Ada hairudishwi.

Kwa mlango wa pili, kozi ya wiki mbili haitoshi. Balozi nyingi hutaka isiyopungua miezi sita. Kozi ya lugha ya Kithai kwa kawaida haihesabiwi hapa, ina viza yake ya masomo, Non-ED, ambayo huongezwa kidogo kidogo na ofisi hukuhoji kwa Kithai kuona kama kweli unasoma.

DTV huombwa ukiwa nje ya Thailand, na balozi nyingi hutaka uwe ndani ya nchi unayoombea. Kisheria unaweza kuongezewa siku 180 mara moja kwa kila uingiaji, lakini ofisi nyingi hazina hamu na ombi hilo, na watu huamua kuvuka mpaka na kurudi. Hapo mwenye pasi ya Afrika Mashariki ana kazi ya ziada, kwa kuwa jirani anayemruhusu Mjerumani bila viza huenda akakudai wewe. Hakiki viza ya jirani kabla ya kununua tiketi, na usitegemee mpaka wa nchi kavu wa Cambodia, uliofungwa mwaka 2025 kwa sababu ya mapigano.

Udhaifu wa DTV unajitokeza benki. Benki nyingi huiona kama viza ya mgeni wa muda na hukataa kufungua akaunti, au tawi moja hukubali na la mtaa wa pili hukataa. Wala haikupi kibali cha kazi. Ukifundisha saa mbili kwa wiki shule ya jirani kwa malipo, umeshavunja sheria. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya baht 5,000 hadi 50,000, hurudishwa kwao na huzuiwa kuomba kibali cha kazi kwa miaka miwili.

Kustaafu: rahisi kwenye karatasi, kali kwa tarehe

Umri ni miaka 50, na mlango wa pesa ni mmoja kati ya mitatu: baht 800,000 kwenye akaunti yako ya Thailand, mapato ya kutoka nje ya baht 65,000 kila mwezi, au mchanganyiko wa akiba na mapato unaofika 800,000 kwa mwaka. Pensheni za kwetu kwa kawaida hazifiki 65,000, kwa hiyo wengi hubaki na akiba.

Kuna aina mbili zinazochanganywa. Non-O-A huombwa ukiwa nyumbani na hudai bima ya afya yenye kinga ya dola 100,000, sharti linalokufuata kila unapoongezewa muda. Non-O huanza na siku 90 na kuongezwa mwaka mmoja mmoja ndani ya Thailand, na sharti hilo la bima halimo. Mwenye miaka 68 na shinikizo la damu ataona haraka kwa nini wengi huchagua Non-O. Kutodaiwa bima hakumaanishi usiwe nayo, maana hospitali binafsi za Phuket na Bangkok hutaka kuhakikishiwa malipo kabla ya kukulaza.

Hesabu ya tarehe ndiyo inayotesa. Kwa ombi la kwanza la mwaka, zile 800,000 ziwe zimekaa akauntini miezi miwili kamili kabla ya siku ya kuomba. Wewe una siku 90 tu tangu kuingia. Kwa hiyo akaunti ifunguliwe na pesa zifike ndani ya wiki mbili tatu za kwanza. Anayetumia mwezi wa kwanza akizunguka visiwani hujikuta siku ya 90 na pesa zilizotimiza siku 50. Tuma kwa fedha za kigeni zibadilishwe Thailand, ili kumbukumbu ya benki ionyeshe zilitoka nje. Siku ya kuomba, nenda benki asubuhi: sasisha kitabu cha benki kwa kuweka hata baht 100, chukua barua ya benki, piga nakala za kurasa zote, saini kila nakala.

Baada ya kuongezewa muda, usiguse 800,000 kwa miezi mitatu. Kisha unaweza kutumia, lakini salio lisishuke chini ya 400,000 hadi zijazwe tena miezi miwili kabla ya ombi la mwaka unaofuata. Ukichora hesabu hiyo utaona kwamba nusu ya pesa hizo hutaigusa kamwe, na nusu nyingine unaipata kwa miezi saba tu. Anayepanga kuishi kwa kuzila hizo hizo 800,000 hana pesa za kustaafia Thailand.

Mwenye mke Mthai ana masharti nafuu: baht 400,000 au mapato ya 40,000 kwa mwezi, na ruhusa ya kuomba kibali cha kazi. Anacholipa zaidi ni makaratasi. Utaombwa picha zenu nyumbani na ramani ya kufika, maofisa huweza kuja kuwatembelea, na jibu huchukua karibu mwezi.

Kuna mawakala wanaokuahidi viza ya kustaafu bila pesa. Wanachofanya ni kuingiza 800,000 za mtu mwingine akauntini mwako kwa muda, kupiga nakala, na kuzitoa. Ni udanganyifu, na jina lililo kwenye ombi ni lako.

Kazi kwa mwajiri wa Thailand

Hapa mwombaji wa kweli ni kampuni. Kwa kawaida iwe na mtaji ulioandikishwa wa baht milioni 2 kwa kila mgeni na wafanyakazi wanne Wathai kwa kila mgeni. Ndiyo maana mgahawa mdogo wa rafiki yako hauwezi kukuajiri hata akitaka. Uhamiaji pia una kiwango cha chini cha mshahara kwa uraia: kwa nchi nyingi za Afrika ni baht 25,000 kwa mwezi, kwa Afrika Kusini 35,000, kwa Ulaya Magharibi na Marekani 50,000. Kwa mwajiri, wewe ni nafuu kisheria. Mwenye kujua hilo hukaa mezani akijua kwamba kiwango cha chini si bei ya soko.

Mpangilio wake haubadiliki: mwajiri anapata barua ya idhini kutoka idara ya ajira, wewe unaipeleka ubalozini na kupewa Non-B ya siku 90, unaingia, kibali cha kazi kinatoka, kisha muda unaongezwa hadi mwaka. Walimu huhitaji shahada iliyothibitishwa, cheti cha tabia njema cha polisi wa nchi yao, na kwa raia wa nchi zisizohesabiwa kuwa za wazawa wa Kiingereza, matokeo ya mtihani wa lugha. Kuna kazi zilizohifadhiwa kwa Wathai, zikiwemo kuongoza watalii, kusuka na kunyoa nywele, masaji ya Kithai na kuendesha gari la abiria. Msusi hodari kutoka Dar es Salaam asidanganywe kwamba kibali kitapatikana akifika.

Udhaifu mkubwa wa Non-B ni kwamba imefungwa kwenye ajira. Siku kazi inapokwisha, ruhusa ya kukaa inakwisha nayo. Unaweza kuomba siku 7 za kujipanga kwa baht 1,900, basi. Kabla ya kujiuzulu, pata mwajiri mpya anayeweza kuunganisha tarehe.

Hili la kufuata lisomwe mara mbili. Wakenya, Waganda, Waethiopia na wengine wamepelekwa Bangkok kwa ahadi ya kazi za huduma kwa wateja au kompyuta, wakachukuliwa uwanjani kwa gari hadi Mae Sot, mji wa mpakani kaskazini magharibi, wakavushwa mto hadi kambi za utapeli wa mtandaoni za Myawaddy, Myanmar. Mapema 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa huko. Dalili hazifichiki ukizijua: "mwajiri" anakwambia usafiri kwa viza ya utalii na kibali kitafuata, analipa tiketi bila usaili wa maana, hataji anwani ya ofisi, mshahara ni wa dola kwa kazi isiyohitaji ujuzi. Mwajiri halali hukupa barua ya idara ya ajira ukiwa bado nyumbani, kwa sababu bila hiyo ubalozi haukupi Non-B. Na ukiambiwa kazi iko Bangkok huku gari likielekea Tak, mkoa uliko Mae Sot, hiyo si njia ya Bangkok.

Kwa wenye pesa: Privilege na LTR

Thailand Privilege ni uanachama unaonunuliwa. Bronze ni baht 650,000 na Gold 900,000, zote za miaka mitano. Platinum ni milioni 1.5 kwa miaka 10, Diamond milioni 2.5 kwa 15. Huonyeshi akiba wala mapato, na kila unapoingia unapata mwaka. Lakini 650,000 hizo hazirudi. Za kustaafu, zile 800,000, zinabaki zako. Kwa mwenye miaka 50 tofauti hiyo inatosha kuifuta Privilege, labda kama hapendi foleni kabisa.

LTR, viza ya ukaazi wa muda mrefu, ni ya miaka 10, hutolewa miaka mitano mitano, ada baht 50,000, na hupitia Bodi ya Uwekezaji, BOI. Masharti yake ni ya juu: mstaafu, kwa mfano, huonyesha mapato ya dola 80,000 kwa mwaka, au 40,000 pamoja na uwekezaji wa dola 250,000 nchini humo. Anayeyafikia asiangalie nyingine, kwani ripoti ni ya mara moja kwa mwaka na mapato ya nje yana msamaha wa kodi kwa makundi kadhaa.

Yanayowabana wote

Ripoti ya makazi, TM.30, ni jukumu la mwenye nyumba ndani ya saa 24 tangu ufike. Hoteli hufanya zenyewe. Wenye nyumba binafsi husahau, au hawataki kwa sababu hawajatangaza pango kwenye kodi, nawe unagundua siku unayoomba kuongezewa muda na faili lako linarudishwa. Omba nakala ya TM.30 kabla ya kulipa amana. Anayekataa, tafuta nyumba nyingine.

Ukikaa siku 90 mfululizo, unaripoti anwani kwa fomu TM.47, kuanzia siku 15 kabla hadi siku 7 baada ya tarehe. Ya kwanza fanya ana kwa ana; zinazofuata zinaweza kwenda mtandaoni. Kuchelewa ni faini ya baht 2,000. Ukitoka nchini hesabu huanza upya. Ripoti hii haiongezi hata siku moja ya kukaa.

Wenye Non-O na Non-B waliokwisha kuongezewa mwaka wanahitaji kibali cha kurudi kabla ya kusafiri: baht 1,000 kwa mara moja, 3,800 kwa mara nyingi. Ukiondoka bila hicho, mwaka wako unafutika pale pale uwanjani. Simu ya msiba usiku hufanya wengi wasahau; Suvarnabhumi kuna dawati linalokitoa kabla ya kupita uhamiaji. DTV haina tatizo hili.

Kupitiliza ni baht 500 kwa siku hadi kikomo cha 20,000. Ukijisalimisha baada ya zaidi ya siku 90 unafungiwa mwaka mmoja, zaidi ya mwaka unafungiwa mitatu. Ukikamatwa barabarani, hata kwa siku chache, ni miaka mitano. Na angalia pasi: muda unaopewa hauvuki mwisho wa pasi, kwa hiyo iliyobakiza miezi minane itakupa minane hata kama ulistahili mwaka.

Kodi ya mapato ina hesabu yake. Ukikaa siku 180 au zaidi ndani ya mwaka wa kalenda unahesabiwa mkazi wa kodi, na tangu 1 Januari 2024 mapato ya nje uliyoyapata kuanzia mwaka huo yanatozwa unapoyaingiza Thailand. Akiba ya kabla ya 2024 haiguswi, mradi una taarifa za benki za 31 Desemba 2023 kuthibitisha. Wenye DTV hujidanganya kwamba siku 180 za muhuri na 180 za kodi ni kitu kimoja. Uhamiaji huhesabu kila uingiaji, kodi hujumlisha mwaka mzima.

Nani achague ipi

Chini ya miaka 50 mwenye ajira ya mbali na akiba: DTV, bila kusita. Miaka 50 na zaidi mwenye kazi ya mbali bado: DTV pia, maana ya kustaafu inakataza kazi; ahamie Non-O siku atakapoacha. Asiye na akiba ya 500,000 lakini ana shahada na anataka kufundisha: Non-B, akiomba akiwa nyumbani. Mwenye akiba nzuri, chini ya 50, asiye na kazi yoyote: mlango wa pili wa DTV kwanza, Privilege baadaye kama amechoka na mipaka.

Wenzi wenye umri tofauti wasikimbilie viza mbili za gharama. Mume wa miaka 56 akiongezewa mwaka kwa kustaafu, mke wa 41 anaweza kuongezewa kama tegemezi wake bila 800,000 nyingine. Kinachohitajika ni cheti cha ndoa kilichothibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya nyumbani, kikagongwa na ubalozi wa Thailand, kikatafsiriwa kwa Kithai na tafsiri kuthibitishwa Bangkok. Hatua mbili za mwanzo zimalizeni kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa kuzifanya mkiwa Phuket ni kutuma cheti halisi Nairobi au Dodoma kwa kurier huku siku 90 zikihesabika.